Siku Mama Alipotaka Nanasi

Wiki jana bodaboda ilianguka pale Gatina, kwenye kona ya karibu na kibanda ninaposhonea nguo. Ilikuwa imebeba mananasi, magunia mawili yaliyofungwa kwa mpira nyuma ya dereva. Gurudumu liliteleza kwenye maji ya kufulia yaliyomwagwa barabarani, mananasi yakatawanyika, na mfuniko wa tangi ukafunguka. Dereva hakuumia. Aliinuka akilaani, watu wakacheka, na mama mmoja akaokota nanasi akaondoka nalo polepole kana kwamba ndiye aliyelinunua. Lakini jua lilikuwa kali, na harufu ya nanasi lililopasuka, ikichanganyika na ya petroli, ikanifikia kwenye cherehani. Niliacha gauni la mteja chini ya sindano, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikatapika.

Mteja aliniuliza kama nina mimba. Nikamwambia hapana, ni harufu tu, naye akatabasamu kama mtu ambaye hajaamini. Nyinyi nitawaambia ukweli, kwa sababu hamnijui na hamtanihurumia nikipita.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Lindi, Kibera, chumba kimoja cha mabati kilichogawanywa kwa pazia la maua. Baba yangu, Owino, alikuwa fundi wa bodi: gari likigongwa, yeye hulichukua na kuligonga tena mpaka lirudi umbo lake. Alikuwa na mikono mipana yenye makovu madogo ya cheche, na alikuwa mtu wa utani. Akipita asubuhi kwenda kazini kila kibanda kilikuwa na neno la kumwambia, naye alikuwa na jibu kwa kila kibanda. Watoto wa jirani walinionea wivu, na nisiseme uongo, nilijiona mtoto mwenye bahati.

Mama, Ndinda, alitoka Kitui. Alikuwa mwembamba, mtu wa maneno machache, na kwenye kwaya ya kanisa aliimba sauti ya pili. Baba alimwita Nyar Kitui, yaani binti wa Kitui kwa lugha ya kwao ziwani, na aliweza kulitamka jina hilo kwa namna mbili. Kwa namna ya kwanza Mama alicheka. Kwa namna ya pili Mama alinigeukia akasema, "Mwende, nenda ukacheze kwa kina Adhiambo." Baba aliniita Achieng', Mama akaniita Mwende, nami nilikuwa naitika yote mawili.

Nilikwenda kucheza, lakini ukuta wa mabati haufichi kitu. Baba hakupiga kelele alipompiga Mama. Alipiga kama alivyopiga kazini, kwa utulivu, akijua pa kupiga na pa kuacha. Majirani waliongeza sauti ya redio. Baadaye alitoka nje, akakaa kidogo, akarudi na chakula, na mimi nikajifunza kukipima kipigo kwa chakula. Kofi lilikuwa mandazi. Ngumi ilikuwa chapati na maharagwe. Siku alipomvunja Mama kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwa kukibana mlangoni, kwa sababu mwanamume mmoja wa kwaya alimsindikiza hadi kwenye daraja, alirudi na kilo nzima ya nyama. Nilikula. Naomba mlijue hilo mapema: nilikula, na ilikuwa tamu.

Kidole kile kilipona kikiwa kimepinda. Nadhani Baba hakupenda kukitazama, maana hapo ndipo alipotangaza safari. Alikuwa ameunganisha gari lake mwenyewe kutokana na mabaki ya magari ya watu: ubavu wa buluu, mlango mmoja mweupe, boneti nyekundu, na kiti cha nyuma kilichotoka kwenye matatu iliyokufa, chenye kitambaa cha madoadoa ya chui. Watu wa Lindi walikuja kulitazama kama watu wanaokuja kuona mtoto mchanga, wakasema ni zuri, wakaenda kuchekea mbali.

"Nitakutembeza, Nyar Kitui," Baba alisema, kwa ile namna ya kwanza. "Kutoka hapa mpaka ziwani, mama yangu akuone. Na njiani, kitu chochote utakachoona kinauzwa, wewe sema tu. Nasimama. Utakula nchi hii yote."

Mama alitazama kidole chake, akasema sawa.

Tuliondoka asubuhi, likizo ya Agosti. Kwanza tulipitia Kawangware, kwa mdogo wake Mama, Anti Mueni, msusi aliyekaa papa hapa Gatina, orofa ya tatu. Anti alimshika Mama mkono kumsalimia, akakiona kile kidole kilichopinda, hakuuachilia mkono.

"Hiki ni nini?"

"Mlango," Mama akasema.

"Mlango wa nani?"

Baba alicheka. "Shemeji, wewe ungekuwa wakili."

"Sawa. Umchunge dadangu huko barabarani."

"Kama yai."

Anti aliniita jikoni kana kwamba ananipa maji ya kunywa. Aliniinamia, akanifundisha namba yake ya simu kwa kuiimba, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa sauti ya wimbo wa kuruka kamba. Hakuniruhusu kutoka mpaka nilipoiimba mara tatu bila kukosea. "Huo ni wimbo wangu na wako," alisema. "Ukitaka kuniimbia, mwombe mtu mzima simu." Niliona ni mchezo mzuri sana. Niliuimba mpaka Uthiru, ndipo Baba akaniambia nibadilishe wimbo.

Kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, pale barabara inapoanza kuteremka na dunia yote inaonekana imewekwa chini yako, tulisimama kununua mahindi ya kuchoma. Upepo ulikuwa baridi na moshi wa jiko ulitufuata tulipohama. Kijana aliyeyachoma aliyapaka pilipili na ndimu, akamwambia Mama, "Mathe, chagua hili, lina meno mazuri kama yako." Mama akacheka. Baba naye alicheka, akalipa, akatufungulia milango kama dereva wa bwana arusi.

Tulikuwa tumeshaanza kushuka mteremko wakati mkono wake wa kushoto ulipoacha gia ukampiga Mama mdomoni kwa mgongo wa kiganja. Hakugeuza kichwa. Gari liliyumba, lori lililotoka mbele likalia honi ndefu, na punje za mahindi zikaruka zikanata kwenye kioo. Baba alirudisha mkono kwenye gia, akaanza kuimba puani.

Mama alijifuta kwa leso. Hatujafika chini akasema, "Baba Achieng', simama pale. Nataka karoti."

Ahadi ni ahadi, Baba akasimama. Wanawake waliovaa masweta mawili mawili walilizunguka gari na karoti zenye majani yake, viazi vya ndoo, kabichi kubwa kuliko kichwa changu. Mama alitafuna karoti mbichi kwa upande mmoja wa mdomo, akiuliza kila mama bei ya kila kitu, akikaa sana. Tukaondoka na debe la viazi. Dakika chache mbele, kwenye kipande kisicho na watu, Baba akamuuliza kwa nini anatembeatembea kama mtu anayetafuta mume, na akampiga tena. Mama akasema anataka maziwa ya mala, yale ya kuganda. Kisha akataka mayai ya kuchemsha yenye kachumbari. Kisha akataka mahindi mengine.

Mimi nilianza kuona aibu. "Mama, si tumekula tu sasa hivi?"

"Bado nina njaa, Mwende."

Baba alinikonyezea jicho kwenye kioo. "Mama yako ana minyoo," akasema. Tulicheka, mimi na yeye, tukacheka mpaka nikapaliwa na yai. Mama alikuwa ametazama nje.

Nilishakuwa mtu mzima nilipokaa siku moja nikaihesabu safari ile upya na kuona kwamba Mama hakuwa na njaa hata kidogo. Baba hakumpiga mbele ya watu. Kwa hiyo Mama alitafuta watu, na kwenye barabara ile ndefu watu ni wale wanaouza chakula. Alikula ili gari lisimame. Kila alipomeza alikuwa amejinunulia robo saa.

Baada ya Gilgil tulisimama kwenye moja ya zile hoteli za nyama choma zinazopanga mbavu za mbuzi nje zionekane. Baba aliagiza mbavu na ugali. Alikata nyama kwa kisu, akachovya kwenye chumvi, akamlisha Mama kwa mkono wake mbele ya watu wote. Wanaume wawili kwenye meza ya pili waligongana viwiko. Mhudumu, dada mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akasema, "Haki watu wengine wamebarikiwa." Mama alitafuna polepole, mdomo ukimuuma, akatabasamu kwa yule dada.

Simu yake ikalia mara moja, mlio wa ujumbe. Ilikuwa juu ya meza. Baba aliifikia kwanza, akasoma kwa sauti, akitabasamu: "Mazoezi ni Jumamosi, usikose, sauti ya pili haina mtu." Akaiangalia tena, akaitia mfukoni mwake. "Sauti ya pili haina mtu," akarudia. Alilipa, akanawa mikono vizuri, hadi katikati ya vidole.

Tulipita Nakuru, tukaanza kupanda kwenye baridi. Mama alisema anataka asali, Baba hakusimama. Akasema anataka viazi, Baba akasema viazi tunavyo. Halafu, mahali ambapo miti ya misonobari imekaribiana, alikata kona akaingia barabara ya vumbi, akaendesha mpaka lami ikapotea nyuma yetu, akazima injini. Hapakuwa na mtu anayeuza chochote.

"Achieng', kaa ndani," alisema.

Nilikaa ndani. Nyuma yangu, kwenye sehemu ya mizigo, kulikuwa na viazi, karoti, na mtungi wa plastiki wa petroli ambao Baba alibeba kwa sababu hakuliamini tangi alilolichomelea mwenyewe. Kupitia kioo nilimwona akimtoa Mama kwa nywele. Alimpiga ngumi ya tumbo, Mama akainama, akampiga ya uso akiwa ameinama. Alipoanguka alimpiga mateke ya mgongo. Mama hakulia. Alikuwa akitoa sauti fulani, hh, hh, kama mtu anayepasua kuni. Halafu Baba alirudi kwenye gari, akachukua ile spana ndefu ya magurudumu chini ya kiti chake bila kunitazama, akaenda akamsimamisha Mama kwenye mlango mweupe, akapiga. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, mlango ulikuwa umebonyea sentimita chache kutoka kichwa cha Mama, na Baba alikuwa akiutazama ule mbonyeo, akipumua.

"Ungeona kama ningetaka," alimwambia.

Nilikuwa nimejikojolea kwenye kitambaa cha chui. Nilichoogopa wakati ule, mtanisamehe, ni kwamba Baba angekiona kiti.

Alimwambia Mama apande. Mama alipanda kwa kushika mlango kwa mikono miwili. Jicho moja lilikuwa limeziba na damu ilitoka puani ikaingia kwenye kola. Tulirudi kwenye lami. Halafu, katikati ya mashamba ya chai, mbele kukaonekana vibanda vya matawi na mananasi yamepangwa kama askari, na Mama akasema, kwa mdomo uliovimba, "Nataka nanasi."

Nilidhani amerukwa na akili. Baba alimtazama, nikaona uso wake ukilegea. Mnamkumbuka: baada ya kupiga, alipenda kununua. "Nanasi," alisema, karibu kwa upole. "Haya. Lakini wewe kaa. Nitakuletea."

Gari halijasimama kabisa Mama alikuwa ameshafungua mlango. Alitua kwa magoti kwenye changarawe, akainuka, akatembea hadi kibanda cha kwanza, akasimama mbele ya wauzaji akiwa na uso ule, mikono imening'inia. Mama mmoja mtu mzima, mwenye mvi na kisu kirefu mkononi, aliacha kumenya.

"Mungu wangu, mama. Ni nini?"

"Nimeshiba," Mama akasema. "Nimeshiba, dada."

Baba alikuja mbio akicheka. "Huyu mke wangu jamani, ameanguka huko nyuma. Si mnajua barabara. Twende, Nyar Kitui."

"Ameanguka?" yule mama akauliza. "Ameangukia ngumi?"

Wanawake wengine walianza kusogea. Baba alimshika Mama mkono, yule mama mwenye mvi akamshika mkono wa pili, na kwa kitambo walimvuta huku na huku kama nguo inayokamuliwa. Halafu Baba akamsukuma yule mama mzee kifuani. Alianguka chali juu ya mananasi yake, kisu kikaruka, na mwenzake akapiga yowe ambalo bado nalisikia.

Sijui walitokea wapi. Stendi ya bodaboda ilikuwa ng'ambo, na vijana wa stendi wakavuka. Wachuma chai wakatoka mashambani na vikapu migongoni. Walizungumza lugha nisiyoijua, lakini maana yake niliielewa yote. Wa kwanza alimpiga Baba kwa kofia ya pikipiki, kichwani. Baba alirudisha, alikuwa na nguvu, akamwangusha mmoja na wa pili. Wa tatu alikuwa na mpini wa jembe. Niliwahi kuona Baba akipiga vitu siku nyingi, lakini sikuwahi kumwona akipigwa, na nilishangaa kwamba sauti ni ile ile. Walimpiga magotini, akaanguka. Walimpiga mikono aliyojikinga nayo. Mawe yalivunja vioo vya gari, nami nikatoka nikiwa nimejaa vipande vya kioo. Mwanamke mmoja alinivuta pembeni, akanipa kipande cha nanasi kama vile unavyompa mtoto kitu anapolia. Lakini sikuwa nalia. Nilikitia mdomoni, nikatafuna.

Kijana mmoja aliutoa mtungi nyuma ya gari, akanusa, akainua juu watu waone.

"Chomeni!" mtu akasema. Wengine wakaitikia.

Alimmwagia Baba petroli kichwani, mgongoni, kwenye matundu ya shati lililochanika. Baba alikuwa amepiga magoti, damu imemjaa meno, akisema, "Ndugu zangu, ndugu zangu." Chini yake mananasi yalikuwa yamepondwa, na maji yake yalitiririka pamoja na petroli kwenye vumbi. Mtu mwingine alikuwa akipapasa mifuko yake, akiuliza nani ana kiberiti.

Ndipo Mama akapita katikati yao. Alipita taratibu kama anayetafuta nafasi kanisani. Aligeuka mara moja kutazama upande wetu, kisha akapiga magoti, akamkumbatia Baba kwa mikono yote miwili, akalaza shavu lake lililovimba juu ya mgongo wake uliolowa. Petroli ikaingia kwenye blauzi yake.

"Mkimchoma, mnichome na mimi," alisema.

"Mama, toka!" wakamwambia. "Wewe mama ni mjinga? Ameshakumaliza huyu!"

"Nichomeni na mimi."

Walimvuta, akashikilia. Walimvuta tena, na blauzi ikachanika begani. Aliyekuwa na kiberiti alikuwa ameshatoa njiti; aliishika, akaitazama, akamtazama yule mama mzee wa mananasi aliyekuwa amesaidiwa kuinuka. Mzee alisema maneno machache kwa lugha yao. Kijana akarudisha njiti. Lakini hasira ilikuwa imeshatoka nyumbani na haikukubali kurudi bure, kwa hiyo wakaligeukia gari. Waliligeuza ubavu, wakamimina kilichobaki kwenye mtungi. Ubavu wa buluu, mlango mweupe na boneti nyekundu vikawa rangi moja. Ndani yake viazi vyetu viliiva. Nilisikia harufu yake kabisa, na njaa ikaniuma.

Niliyemwomba simu alikuwa yule mama mzee. Nilimwimbia namba ya Anti Mueni, naye akaibonyeza kwa kidole chenye utomvu wa nanasi, akiniomba niimbe polepole. Alitupeleka kwake, akamwogesha Mama kwa maji ya moto mara mbili ili petroli itoke, akampeleka kwenye zahanati. Kesho yake Anti alifika na nguo zetu za kubadilisha. Baba tulimwacha kando ya barabara amekaa kwenye changarawe, mkono mmoja umevunjika, nyuma yake gari linafuka moshi. Hakuna aliyemgusa tena na hakuna aliyemsaidia. Baadaye nilisikia dereva wa lori la makaa alimbeba mpaka kwao ziwani. Mama hakufika ziwani. Mpaka leo hajawahi kuliona.

Hatukurudi Lindi. Tulihamia Gatina kwa Anti, tukalala watatu kitanda kimoja. Baba alirudi Nairobi baada ya miezi, akaja mara moja mpaka chini ya ngazi akiwa na mfuko wa chipsi. Wanawake wa ploti, wapangaji wenzetu, walishuka na masufuria na mabeseni, wakajipanga kwenye ngazi. Aliuweka mfuko chini akaondoka. Hakuna aliyezila.

Sasa niwaambie kosa langu. Katika yote niliyoyaona siku ile, nililochagua kulishika ni lile la Mama kupiga magoti. Niliamua kwamba hayo ndiyo mapenzi: mtu anakuvunja, nawe unakubali kuungua naye. Nililiona ni jambo kubwa, zuri, la watu wachache. Nilipofika miaka ishirini na minne nilikuwa naishi upande wa pili wa Kawangware na mwanamume ambaye sitamtaja, aliyenipiga wikendi na kuniletea kuku wa kukaangwa. Siku moja Mama alikuja bila kuniarifu, akanikuta mezani na jicho limeziba, nakula.

Alikaa. Hakuuliza ni nani.

"Ananipenda, Mama," nikasema.

"Nani amekuambia hivyo ndivyo mtu anapendwa?"

"Wewe. Wewe ulikubali kuchomwa pamoja na Baba."

Mama alinitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na mgeni. Nikaacha kutafuna.

"Babako nilimalizana naye kule msituni," alisema. "Wangemchoma, mimi ningeenda zangu kunawa uso. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka. Halafu nikageuka, nikakuona. Umesimama pale, macho wazi, hakuna mtu aliyekuziba uso. Nikasema, huyu akiona hili, hatatoka hapa maisha yake yote." Akajifuta mikono ambayo haikuwa michafu. "Sikuwa na njia nyingine ya kuwazuia. Ndiyo hiyo nikaifanya."

Nilikusanya nguo zangu mchana huo. Mama alibeba beseni.

Baba bado yuko Kibera, upande wa Sarang'ombe. Mkono ule haukunyooka na hagongi tena magari. Anauza skrubu na mafuta ya breki kwenye kibanda kidogo. Mimi humtembelea mara mbili tatu kwa mwaka. Amezeeka, bado ana utani, na kila nikienda lazima kuwe na jirani wa kusimuliwa. "Mama ya huyu," husema, akinionyesha, "alinipenda mpaka kwenye petroli. Muulize, alikuwepo." Jirani hutikisa kichwa kwa mshangao, nami hunywa chai yangu bila kumsahihisha. Kulikuwa na mapenzi pale kando ya barabara, hilo hakosei. Anachokosea ni kudhani yalikuwa yake, na mimi, niliyekuwa nimesimama hatua kumi tu kutoka pale, nilihitaji miaka kumi na mitano kujua kwamba yalikuwa yangu.